Shimo, Chupa na Neno: Taka za Kashai kama Chanzo cha Historia



Mwanaisimu anapopewa jukwaa hili hutarajiwa azungumzie vinyambulishi vya kitenzi, ngeli za nomino au usanifishaji wa istilahi. Leo naomba tushuke chini zaidi, hadi kwenye shimo la choo na shimo la taka, tena mashimo ya mahali mahususi: kata ya Kashai, katika Manispaa ya Bukoba. Nakusudia kuonyesha kwamba mashimo hayo yana historia ambayo haikuandikwa kwingineko, na kwamba historia hiyo hupotea kwa namna ileile inavyopotea maana ya neno lililong'olewa katika sentensi yake.

Huenda mada hii ikawakirihi baadhi yenu. Kirihi hiyo nayo ni sehemu ya mada. Mswahili mwenye adabu haendi chooni. Huenda haja, huenda msalani, huenda maliwatoni, au husema tu kwamba anatoka kidogo. Neno choo lenyewe lina maana mbili, yaani mahali na kile kinachoachwa mahali hapo, na katika lugha ya hospitali maana hii ya pili ndiyo inayotumika kila siku. Jambo ambalo jamii imelizungushia tafsida nyingi kiasi hiki ni jambo ambalo watafiti wake watakuwa wachache. Wanahistoria wetu wamechimba nyaraka za maboma na za misheni. Mashimo yaliyo nyuma ya nyumba wamewaachia mafundi.

Wenzetu wa Marekani na Uingereza hawakuona haya. Kwa miongo mingi wapo watu huko ambao burudani yao ya mwisho wa juma ni kutafuta vyoo vya zamani na kuvichimba ili kupata chupa za kale. Hutumia ramani za miji za karne ya 19 kutambua kilipokuwa choo cha uani, huchoma ardhi kwa fimbo ndefu ya chuma kutafuta udongo laini, kisha huchimba hadi kitako cha shimo. Sababu ya kuchagua choo ni rahisi. Kabla ya huduma ya kuzoa taka, choo kilikuwa pia jaa: kilitupwa humo sahani iliyovunjika, chupa ya dawa iliyokwisha, na chupa ya pombe ambayo mnywaji hakutaka ionekane na mkewe au na mchungaji wake. Tope lile liliihifadhi chupa kuliko kabati lolote.

Wapenzi hao wamejenga maarifa ambayo si ya kubezwa. Wanajua kwamba chupa yenye kovu la mviringo kitakoni ilishikwa kwa fimbo ya mfua kioo wakati mdomo wake ukimaliziwa kwa mkono. Wanajua kwamba mshono wa kalibu ukiishia shingoni, mdomo ulitengenezwa baadaye kwa mkono. Ukipanda hadi juu ya mdomo, chupa hiyo ilitoka katika mashine, na mashine yenyewe ya kujiendesha ni kazi ya Michael Owens ya mwaka 1903. Wanajua kwamba kifuniko cha bati chenye meno, hiki tunachokifungua katika kila chupa ya soda, kilibuniwa na William Painter huko Baltimore mwaka 1892, na kwamba chupa yenye gololi shingoni ni ya Hiram Codd wa mwaka 1872. Kwa alama hizi mtu huipa chupa umri wake bila maabara. Tatizo ni kwamba wengi wao huishia hapo. Chupa husafishwa, huuzwa au huwekwa dirishani, na shimo hufukiwa bila maandishi. Kilichokuwa juu yake, kilichokuwa chini yake, nyumba ilikuwa ya nani, hayo yote hurudi udongoni yakiwa yamevurugwa, na hayapangiki tena.

Sasa turejee nyumbani. Buhaya ni mahali pa pekee kwa suala hili, kwa sababu kwa desturi taka haikuwa na shimo. Ilikuwa na kibanja. Maganda ya ndizi, majivu, nyasi kuukuu zilizotandikwa sakafuni katika msonge, samadi ya ng'ombe, vyote vilirudishwa shinani mwa migomba. Rutuba ya kibanja cha Mhaya si zawadi ya asili. Ni kazi ya vizazi vya watu waliobeba taka za nyumba na kuzimwaga mahali palepale mwaka baada ya mwaka. Katika mfumo huo hata dhana ya "kutupa" ina mashaka. Vigae vya vyungu ndivyo vilivyosalia, na ndivyo mwanaakiolojia anavyoviokota hadi leo. Kisha ikaja chupa. Kioo hakiozi, mgomba hauwezi kukila, na kipande chake hukata mguu wa anayepalilia. Chupa iliyovunjika ilidai mahali pake pa kutupwa, na mahali hapo ni shimo. Kwa maoni yangu, shimo la taka katika eneo hili ni dalili ya mji kuliko jengo lolote la matofali.

Mji huo una tarehe. Emin Pasha aliasisi kituo cha Kijerumani cha Bukoba mwezi Novemba 1890. Mapadre Weupe walianza misheni ya Kashozi mwaka 1892. Kabla ya reli, chupa iliyotoka pwani ilifika ziwani juu ya kichwa cha mpagazi, na kwa hiyo ilikuwa kitu cha thamani. Baada ya reli ya Uganda kufika Kisumu mwaka 1901, bidhaa ziliweza kuvushwa kwa meli, na chupa ikaanza kuwa kitu cha kawaida. Tarehe 22 na 23 Juni 1915 majeshi ya Waingereza, yaliyotokea Kisumu, yaliushambulia mji na kuuteka. Mwindaji mashuhuri Frederick Selous alikuwamo. Waliharibu kituo cha simu ya upepo, askari wakaachiwa kupora, na kumbukumbu za vita hivyo zinasimulia walevi waliojivika sare na nguo za Wajerumani. Kisha wakaondoka kurudi walikotoka. Nyaraka zinatupa majina ya makamanda na idadi ya mizinga. Hazitwambii wakazi walirudi kuokota nini katika mabaki, wala chupa tupu za siku mbili zile zilitumika kubebea nini kwa miaka iliyofuata.

Hapo ndipo Kashai inapoingia. Kituo cha serikali na maduka makubwa vilikuwa karibu na ufuko, lakini mji huishi pale wafanyakazi wake wanapolala. Kashai ni miongoni mwa kata zenye watu wengi kabisa mjini Bukoba, na jina la mtaa wake mmoja, Matopeni, linatangaza hali ya ardhi bila haja ya mpima. Katika ardhi ya namna hiyo, karibu na ziwa, shimo haliwezi kwenda chini sana kabla ya kukutana na maji. Kati ya 1961 na 1964 Ziwa Viktoria lilipanda kwa zaidi ya mita mbili, na mwaka 2020 likapanda tena kufikia kimo hicho na kukipita kidogo. Kila kupanda kwa maji kuna maana kwa mchimbaji: vyoo vya mabondeni hujaa kabla ya wakati, huachwa, na vipya huchimbwa pembeni. Mahali ambapo katika mlima choo kimoja kingedumu kizazi kizima, bondeni utakuta ukoo mzima wa mashimo, kila moja na kipindi chake kifupi. Kwa mwenye nyumba hiyo ni gharama na kero. Kwa mwanahistoria ni kitabu chenye kurasa nyingi nyembamba.

Ipo pia tarehe ambayo taifa zima liliiandika ardhini kwa pamoja. Mwaka 1973 kampeni ya "Mtu ni Afya" iliendeshwa kwa redio, kwa vitabu na kwa vikundi vya kusomea, na moja ya matunda yake ilikuwa vyoo vingi vya shimo vilivyochimbwa nchini kote. Wasomi wa lugha huikumbuka kampeni hiyo kama sura ya historia ya elimu ya watu wazima na ya Kiswahili cha redio. Ni nadra kukumbuka kwamba ni miongoni mwa kampeni chache za lugha zilizoacha alama inayoweza kupimwa kwa koleo.

Naomba sasa niingie katika uwanja wangu. Msamiati wa vileo na vyombo vyake katika Kiswahili umepangika kama tabaka za shimo. Bilauri imetufikia kutoka Kiajemi na Kiarabu, na asili yake ni jina la jiwe angavu. Kopo na mvinyo ni maneno ya Kireno. Divai ni Kifaransa, pamoja na kiambishi chake cha wingi usiohesabika kilichomezwa mzimamzima, nayo inanukia altare ya mapadre. Gilasi ni Kiingereza. Konyagi ni jina la mji wa Ufaransa lililosafiri ndani ya chupa; likafika Buhaya na kuvikwa kiambishi cha Kihaya, likawa enkonyagi, jina la pombe kali inayotoneshwa kutokana na rubisi, ambayo mapishi yake Mfaransa asingeyatambua. Mtu akiyatazama maneno haya yakiwa yamepangwa, hushawishika kusema: tazama, Mreno, kisha padre, kisha Mwingereza, kila mmoja na tabaka lake.

Ushawishi huo una hatari, na mashimo yanatufundisha kwa nini. Kwanza, neno si kitu. Vioo na shanga za kioo vilikuwapo katika miji ya pwani kama Shanga na Kilwa karne nyingi kabla ya Mreno yeyote kuonekana. Kukopa neno la Kireno kwa chombo kimoja hakuna maana kwamba mikono ilikuwa mitupu kabla yake. Pili, neno linaweza kuwa bubu pale kitu kinaposema. Bia, kwa mfano, inaweza kutoka katika Kiingereza na inaweza kutoka katika Kijerumani, maana maneno ya lugha hizo mbili yanakaribiana mno kwa matamshi. Fonolojia haitakata shauri hilo. Kitako cha chupa chenye jina la kiwanda na la mji kingetusaidia zaidi kuliko makala kumi za fonolojia, na nasema hivyo mimi niliyeziandika makala za namna hiyo.

Tatu, na hili ndilo zito, chupa ina maisha mengi kabla ya kufika shimoni. Huko kwa wakusanyaji wa ng'ambo huchukuliwa kwamba chupa ya mwaka fulani ilitupwa muda mfupi baadaye. Katika Kashai dhana hiyo ingempotosha mtafiti vibaya. Chupa iliyokuja na bia ilibeba mafuta ya taa, kisha asali, kisha samli, kisha enkonyagi, na katikati ya hayo yote ilikuwa kipimo: ukisema "chupa moja ya mafuta" sokoni, hujataja chombo bali kiasi. Lugha nayo ililipa neno chupa kazi mpya. Chupa ya chai ni chombo kisicho lazima kiwe cha kioo kwa nje, na mkunga anaposema chupa imevunjika anazungumzia maji ya uzazi. Kitu kilichotengenezwa 1910 kinaweza kutupwa 1950, na neno lililoingia karne ya 16 linaweza kupata maana yake ya sasa katika karne ya 20. Umri wa chupa hautoshi kuipa shimo tarehe. Kinachohitajika ni kujua ilikuwa pamoja na nini. Katika isimu historia kanuni ni hiyohiyo: orodha ya maneno mkopo bila mazingira ya matumizi ni dirisha la mkusanya chupa.

Mfano bora wa jambo hili ni hela. Mwaka 1904 serikali ya Kijerumani iliacha kugawa rupia kwa pesa 64 na kuigawa kwa Heller 100. Sarafu yenyewe iliondoka pamoja na utawala ule, na shilingi ya Afrika Mashariki ikashika nafasi mwaka 1921. Lakini hakuna mtoto wa Kashai asiyeomba hela. Anayeokota sarafu ya Heller shimoni leo ameshika kitu ambacho jina lake yeye hulitamka kila siku bila kujua kwamba ni jina lake.

Sarafu hizo zinatufikisha kwenye uchimbaji wa aina nyingine, ambao Tanzania tunao kwa wingi kuliko ule wa chupa. Nazungumzia watu wanaosaka "mali ya Mjerumani". Katika mikoa mingi imeenea imani kwamba Wajerumani walipokimbia walizika dhahabu na rupia chini ya maboma, makaburi, miti na mawe ya mipaka. Imani hiyo haikutoka hewani: mwaka 1916, wakiwa wamebanwa na vita, walifua Tabora sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo. Lakini msako wenyewe umefukua makaburi na kubomoa misingi ya kuta, na kwa kawaida kinachopatikana ni vigae, misumari na chupa, ambavyo msakaji huvitupa kando kwa hasira. Yaani anatupa historia akitafuta dhahabu ambayo haipo. Mkusanya chupa wa Baltimore walau huichukua chupa.

Sheria haitusaidii sana hapa. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, pamoja na marekebisho yake ya 1979, ililinda kwa nguvu ya tarehe vile vilivyotengenezwa kabla ya 1863. Milango ya kuchongwa ilipewa nafuu hadi 1940. Kituo cha Bukoba kiliasisiwa miaka 27 baada ya mpaka huo wa 1863. Kwa hiyo shimo lote la mji wa Bukoba, tangu siku ya kwanza ya mji wenyewe, limeangukia upande usiolindwa na tarehe hiyo. Naelewa sababu ya mtunga sheria kuhitaji mwaka fulani. Ila matokeo yake ni kwamba karne ya babu na bibi zetu, ile ya kahawa, misheni, vita viwili vikuu na uhuru, ndiyo inayofukuliwa kila wiki kwa ajili ya misingi na vyoo bila mtu kulazimika kuitazama.

Kwamba inawezekana kufanya vizuri zaidi, Buhaya yenyewe ni shahidi. Kijiji cha Katuruka, kusini mwa mji wa Bukoba, ndiko Peter Schmidt alikochimba mwanzoni mwa miaka ya 1970. Hakuongozwa na fimbo ya chuma. Aliongozwa na masimulizi ya wazee juu ya mfalme Rugomora Mahe na juu ya mti mkubwa wa Kaiija, jina ambalo wazee walilifasiri kuwa mahali pa kiwanda cha uhunzi. Chini yake palikutwa mabaki ya ufuaji chuma, na mkaa wake ulipopimwa ulitoa tarehe za kabla ya Kristo. Tarehe za mwanzo kabisa zimebishaniwa, uhunzi wenyewe haubishaniwi. Jina la mahali lilikuwa limehifadhi kile ambacho jicho halikukiona. Pwani nako, James Kirkman alipochimba Gedi kuanzia 1948, nyumba zake zilipewa majina ya vitu vidogo vilivyookotwa ndani: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Sarafu za Kichina. Nyumba hizo zilikuwa na vyoo vya shimo, karne nyingi kabla ya bwana afya yeyote wa kikoloni kuja kutufundisha kuvichimba.

Sasa fikirini nani anayelijua shimo la Kashai. Si mimi. Ni fundi anayechimba kwa mkono, anayejua kwa mlio wa sururu kama amefika kwenye kifusi au kwenye udongo ambao haujaguswa, na anayejua kwa harufu kwamba jirani yake wa chini ni choo cha zamani chenye hewa inayoweza kumuua. Baada ya tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, nyumba nyingi mjini Bukoba zilipoanguka na kujengwa upya, wachimbaji hawa walifungua ardhi kwa kiasi ambacho hakuna idara ya akiolojia ingeweza kukigharamia. Wana maneno yao ya kazi, ya Kihaya na ya Kiswahili, kwa rangi za udongo, kwa hatua za kina, kwa shimo lililokufa. Dar es Salaam wenzao wanaozoa vyoo kwa mikono huitwa vyura, na kuachia kinyesi kitoke na maji ya mvua huitwa kutapisha. Istilahi hizi ni kali, sahihi na za Kiswahili safi, lakini nani amezikusanya kama istilahi za kazi? Tumeunda istilahi za kompyuta kwa kamati. Hizi zimejiunda, nasi tumeona aibu kuziandika.

Gari la kunyonya maji taka, karo la zege na chupa ya plastiki vinabadilisha kazi hiyo haraka. Ndiyo maana nawaomba wanafunzi walioko hapa, hasa mnaotoka Kagera, msisubiri mradi wenye fedha. Siwaombi mfukue kitu: kuchimba choo cha zamani ni hatari kwa maisha, na kufukua kwa ajili ya kuuza ni uharibifu. Nawaomba msimame ukingoni pale fundi anapochimba kwa shughuli zake, kwa ruhusa ya mwenye kiwanja, mkiwa na daftari na utepe wa kupimia. Andikeni kina ambapo kioo kinaanza kuonekana na kina kinapokwisha. Andikeni kipi kilikuwa juu ya kipi. Chupa nzima ichorwe, mshono wake na kitako chake, kisha abaki nayo mwenye kiwanja. Muulizeni mkubwa wa nyumba ile chupa za namna hiyo zilitumika kuwekea nini, na nani alikuwa akiishi hapo kabla yake. Na pembeni mwa kila mstari liandikwe neno alilolitamka mchimbaji mwenyewe, kwa lugha aliyoitumia, hata kama ni neno ambalo mbele ya mgeni angelibadilisha.